Gemu bado inajengwa, nami nimeshindwa kutoka ndani yake

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi:

"Shikamoo dada. Nina miaka 25, nina duka dogo la vifaa vya kuandikia na kuchapisha. Mtoto wa mjomba aliyeko Muscat alininunulia Valheim, gemu ya kompyuta ya kujenga na kupigana, ili tucheze wote. Tumejenga ngome, tumewaua mabosi, yaani maadui wakubwa, wote saba waliopo, na nchi ya kaskazini ya mbali bado haijakamilika, kwa hiyo hakuna pa kwenda. Lakini kila nikifunga duka naingia. Mwenzangu siku nyingi hayupo. Nakimbia tu kuizunguka ngome ili ujuzi wangu wa kukimbia ufike 100. Ulikuwa 91, juzi nikafa ukashuka hadi 86, nikakesha mpaka saa tisa usiku nikiurudisha. Mwezi huu nimefungua duka saa nne mara tatu. Dada yangu aliponiuliza, nikamwambia nilikuwa na kazi ya kuchapisha usiku. Je, hawa watu wameichezea akili yangu? Niifute hii gemu?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama pale uliposema mwenzako siku nyingi hayupo. Nitarudi hapo. Kwanza ulilouliza: usiifute. Kuipenda gemu si ugonjwa, na hiyo uliyopewa ni kazi ya watu waliojua wanachofanya. Ila hiyo mbio ya kuizunguka ngome iache, na uiache ukielewa kilichokuwa kinakukimbiza, maana usipokielewa utakikuta kwenye gemu nyingine wiki ijayo.

Kazi yangu kwa miaka kumi na moja ni kupanga ngazi za gemu: mchezaji aanze na nini mkononi, apate nini baadaye, na katikati asubiri kiasi gani. Watu hudhani ni kazi ya kuchora. Kwa kweli ni ya hesabu, na ya kukaa nyuma ya mgongo wa mtu anayecheza ukimtazama mabega. Akikaribia kupata kitu, mabega hupanda.

Ngazi hizi ni za zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu, ambamo mhusika wako alikusanya alama za uzoefu, zikifika idadi fulani anapanda daraja na kuwa na nguvu kuliko jana. Karibu kila gemu unayoijua ambayo ina neno leveli ndani yake imekula kwenye sahani hiyo.

Sasa tuingie Valheim, maana humo zimo ngazi mbili, na ninavyoona wewe umeteremka kwenye moja ukapanda nyingine bila kujua.

Ngazi ya kwanza ni ya mabosi. Kumbuka siku zenu za mwanzo. Mlikuwa mnapita kwenye Msitu Mweusi, mnaona majabali yenye rangi ya shaba, mnayagonga kwa shoka na hayatoi kitu. Mkarudi mbugani, mkatafuta vichwa viwili vya paa, mkaviweka juu ya jiwe la kafara, akatokea Eikthyr na pembe zake zinazotoa radi. Mlipomwangusha aliacha pembe ngumu, na kwa pembe hizo mkatengeneza sululu. Kisha mkarudi kwenye jabali lilelile mlilolipita mara ishirini, na sasa likavunjika. Nakuomba ulikumbuke pigo lile la kwanza. Hakuna namba iliyoongezeka popote. Kilichobadilika ni kwamba nchi mliyoizoea ilifunguka, na jiwe likageuka mali.

Ngazi hiyo inaendelea hivyo hadi juu. Bosi wa msituni anaacha ufunguo wa makaburi ya kwenye kinamasi, na humo ndimo chuma kilimo. Bosi wa kinamasi anaacha kijifupa ambacho ukikivaa milimani kinakuashiria fedha iliyofukiwa chini ya theluji. Kila mmoja anakukabidhi kitu kinachobadilisha unachoweza kufanya. Mimi ninayefanya kazi hii nasema wazi kwamba ni moja ya ngazi zilizopangwa vizuri kuliko nyingi nilizowahi kuona, nami huwafundishia vijana wanaoanza kazi.

Ngazi ya pili ni ya ujuzi: kukimbia, kuruka, upanga, upinde, kuogelea. Unaongezeka kwa kutenda, kuanzia 0 hadi 100. Mwanzoni ni tamu kweli, unakimbia kumtoroka adui na kabla hujatua pumzi umeongezewa leveli. Lakini kila leveli inadai zaidi ya iliyotangulia. Nimepiga hesabu ya mwinuko wake: kutoka 0 hadi 50 ni chini ya moja ya tano ya kazi yote ya kufika 100. Yaani ukiwa 50 unajiona uko nusu ya safari, kumbe ndio kwanza unatoka Chalinze.

Na kuna kifo. Ukifa, kila ujuzi unapungua kwa asilimia 5 ya ulipofika. Mtu mwenye 20 anapoteza leveli moja, anacheka, anaendelea. Wewe mwenye 91 ulipoteza nne na nusu, na hizo ni leveli za juu, zilizokugharimu usiku mzima. Ndiyo maana ulikesha. Hukukesha ili upate kitu, ulikesha ili urudishiwe chako, na hasira ya kunyang'anywa humfanya mtu avumilie uchovu ambao kwa ajili ya faida asingeuvumilia.

Nikuulize sasa: ukifika 100, utaweza kufanya nini ambacho leo ukiwa 86 huwezi? Utakimbia kwa kasi kidogo zaidi na kuchoka polepole kidogo zaidi. Hakuna mlango utakaofunguka, wala jiwe utakaloliona upya. Pale nyumbani kwetu tulikuwa na kibubu cha udongo, na raha ya kudondosha sarafu ukasikia ile sauti ilikuwa kubwa kuliko raha ya kununua peremende. Lakini kile kibubu kilikuwa na Idi yake, siku ya kukivunja ilijulikana. Cha kwako hakina sikukuu.

Hapa ndipo hali ya gemu kuwa haijakamilika inapoingia, na nadhani ndicho kiini cha shida yako, kuliko hata namba zenyewe.

Steam, duka la gemu la mtandaoni, ilianzisha utaratibu wa kuuza gemu zikiwa bado zinajengwa mwezi Machi 2013. Watengenezaji wanauza walichonacho, wachezaji wanaingia, pesa inaendesha kazi, na vipande vinaongezwa kwa miaka. Kwa kampuni ndogo huu ni uhai. Valheim ilitolewa namna hiyo tarehe 2 Februari 2021 na Iron Gate, watu watano wa mji wa Skövde nchini Uswidi, na katika wiki tano hivi iliuza nakala milioni 5. Bila utaratibu huo gemu hiyo pengine usingeiona kamwe. Sina ugomvi nao hata kidogo.

Lakini gemu iliyokamilika ina mlango wa kutokea. Bosi wa mwisho anaanguka, majina ya waliotengeneza yanapita, muziki unakuambia nenda kalale. Inayojengwa haina mlango huo. Ngazi imeishia hewani, na mtu aliyezoea kupanda akifika pale miguu haisimami. Ataendelea kupanda chochote kilichobaki. Wewe kilichobaki kilikuwa namba ya kukimbia. Wengine hujaza makasha kwa mbao na mawe, wengine huua viumbe wale wale mamia ya mara. Wote, ukiwauliza, watakupa jibu moja: najiandaa. Sehemu mpya ikija nitakuwa tayari.

Neno hilo "najiandaa" ndilo lenye sumu, kwa sababu linaufanya mchezo uonekane kazi, na kazi haina aibu. Mtu anayejiandaa hajioni kama anapoteza muda. Sasa nikwambie jinsi maandalizi hayo yanavyoishia. Tarehe 16 Septemba 2021 Valheim ilipata apdeti yake kubwa ya kwanza, na chakula kikapangwa upya. Kabla ya hapo mtu alikuwa anakula vyakula vitatu bora, anapata uhai na pumzi kwa pamoja. Baada ya hapo kila chakula kikaegemea upande mmoja, ikabidi uchague. Waliokuwa wameweka akiba ya makasha kwa hesabu ya jana wakaamka hesabu ni nyingine. Halafu Desemba 2022 ilipokuja nchi ya ukungu, mapya yake yaliota tu kwenye maeneo ambayo mchezaji hajawahi kuyakanyaga. Waliokuwa wamekwenda mapema kuipekua nchi ile ikiwa tupu, wakijiona wametangulia, ndio walioikuta imebaki tupu. Kwa hiyo nawe huko kaskazini usiende kuzurura sasa hivi, tafadhali.

Watengenezaji hawakuwatendea vibaya. Kubadilisha ndiyo kazi yao katika kipindi hicho, na Steam yenyewe huwaonya wanunuzi kwamba gemu za namna hii zinaweza kubadilika, nyingine hazimaliziki, hivyo mtu anunue kwa ajili ya kilichopo leo. Na kucheza ni hivyo hivyo: cheza kilichopo leo. Akiba unayoweka kwenye jengo ambalo fundi bado anahamisha kuta, huwezi kujua kesho itakuwa upande gani wa ukuta.

Umeuliza kama wameichezea akili yako. Swali hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu nimewahi kukaa upande wa pili wa meza.

Mwaka 1934 mwanasaikolojia Clark Hull wa Marekani alionesha kwamba panya anayekimbilia chakula huongeza mwendo kadiri anavyokikaribia. Mwaka 2006 watafiti watatu wakapima jambo hilohilo kwa wanywaji wa kahawa. Walitoa kadi za mihuri, ukijaza unapata kikombe cha bure. Baadhi walipewa kadi ya nafasi 10, wengine ya nafasi 12 ambayo mihuri miwili imeshapigwa tayari. Wote walibakiwa na vikombe kumi vya kununua, lakini wale waliopewa mihuri miwili ya mwanzo waliimaliza kadi mapema zaidi. Walijiona wamekwishaanza safari.

Nilipokuwa kijana kazini, tulitengeneza gemu ya simu, na mwajiri wangu wa wakati ule akaniagiza nitie mstari wa kujaza ambao robo tatu zake zinajaa kwa dakika chache, na robo iliyobaki inachukua siku kadhaa, isipokuwa mtu alipe. Niliufanya. Nilikaa nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anatujaribia, nikamwona mabega yamepanda na hayashuki, akaniuliza, "Mwanangu, hii inaisha lini?" Sikuwa na jibu. Ile ni kuichezea akili ya mtu, na mpaka leo nikipanga ngazi namkumbuka.

Valheim haikukufanyia hivyo. Haikuuzii leveli, haikutumii ujumbe saa tano usiku kukukumbusha zawadi yako inaisha, wala haikupi adhabu kwa siku usiyoingia. Mwaka 2023 wenyewe walikuongezea mipangilio ambayo unaweza kupunguza hasara ya kifo, kuongeza mavuno ya nyenzo, hata kuruhusu madini yapite kwenye milango ya kusafiria, ambayo kwa kawaida hayapiti. Mtu anayetaka kukufunga hakupi funguo.

Hata gemu iliyotumia mbinu za kamari waziwazi inaweza kuwa ya uungwana. Luca Galante, Mwitaliano aliyetengeneza Vampire Survivors, alipata kufanya kazi kwenye kampuni ya michezo ya kamari, na ukifungua kasha la hazina mle ndani utaona: taa, sarafu zinamwagika, muziki unapanda, nawe hujui utapata kitu kimoja, vitatu au vitano. Lakini gemu yenyewe ilianza kuuzwa Desemba 2021, ikiwa bado inajengwa, kwa bei ya dola 3 hivi, na hakuna bahati ya kununua kwa pesa. Mzunguko wa kawaida una dakika 30 kisha Kifo mwenyewe anakuja kukutoa. Mwaka 2023 ilitwaa tuzo ya gemu bora ya BAFTA, tuzo kubwa za Uingereza. Nakutajia kwa sababu ya zile dakika 30. Utamu mkali, lakini una ukingo. Wewe kinachokukosesha usingizi ni kukosa ukingo, na ukingo huo inabidi uujenge kwa mikono yako mpaka wenyewe watakapoumaliza.

Kabla sijafika huko, nizungumzie lile la dada yako. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa kucheza gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili inazozitaja ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, gemu kuyapita mambo mengine yote ya maisha yake, na kuendelea hata anapoona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 hivi na iwe imevuruga maisha kwa kiasi kikubwa. Saa nyingi peke yake hazitoshi kuitwa ugonjwa. Kwa uliyoniandikia sioni mtu aliyefika huko. Ila umechelewa dukani mara tatu, na umesema uongo nyumbani. Uongo ndio ulionishtua zaidi ya duka, kwa sababu mtu huficha kile ambacho mwenyewe ameshakihukumu. Mwambie dada yako ukweli wiki hii, kwa sentensi moja, bila hotuba. Na ukijaribu nitakayokuambia hapa chini kwa mwezi mzima ukashindwa, nenda hospitali ya mkoa uombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Nenda kama unavyokwenda kupima malaria, bila kungoja uzidiwe.

Haya, sasa ujenzi wenyewe.

Siku moja ya Valheim, usiku na mchana, ni dakika 30 za saa yako. Hii ni zawadi kubwa na wachezaji wachache huitumia. Badala ya kujiambia utacheza saa mbili, ambazo hakuna anayeziona zikipita, jiambie utacheza siku nne. Jua likichwea mara ya nne, ingia ndani ya ngome, washa moto, lala kitandani, toka. Utakuwa umemaliza kitu. Ile nafsi inayotaka kufunga hesabu nayo itaridhika kwa sababu siku imefungwa.

Kila unapoingia, uwe umeandika kwenye karatasi (duka lako limejaa karatasi) jambo moja la kufanya ambalo mtu mwingine akiingia kwenye ulimwengu wenu ataliona kwa macho. Daraja. Ghala lenye paa lisilovuja. Gati ya kufungia mashua. Namba ya kukimbia haionekani na mtu yeyote isipokuwa wewe, kwa hiyo haitaingia kwenye karatasi hiyo. Ikiongezeka wakati unabeba mbao za daraja, vizuri, itakuwa imeongezeka kama inavyostahili. Na hasara ya kifo ipunguze kwenye mipangilio. Si udanganyifu, ni ulimwengu wenu, nanyi mmeshawaua mabosi saba.

Kaskazini itakapokamilika, nakushauri msiingie na ngome hii. Anzeni ulimwengu mpya na wahusika wapya, wenye nguo chakavu na ujuzi 0. Najua sasa hivi unaona nimekutukana. Lakini mhusika wako wa leo, pamoja na 86 yake, ataendelea kuwepo, maana wahusika huhifadhiwa mbali na ulimwengu na anaweza kuingia popote. Hatapotea. Ninachotaka ni mlipige tena lile jabali la shaba mkiwa wawili.

Ndiyo maana nilikwama pale mwanzoni. Mwanasaikolojia Richard Ryan na wenzake walipochunguza mwaka 2006 kwa nini watu hupenda gemu, walikuta mambo matatu: kujiona unaweza, kujiona unachagua mwenyewe, na kuwa na wenzako. Mwenzako akiwa huko Muscat mmebaki na nini cha kufanya pamoja? Simu za salamu, na ngome hiyo. Naona ulianza kukimbia mwenzako alipoanza kutoonekana. Wewe ulikuwa unamlindia nafasi.

Basi mpigie, usimwandikie. Muscat wako saa moja mbele yetu, na mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi. Mwambie Ijumaa, saa tatu usiku kwako, saa nne kwake, siku nne za Valheim, mtakuwa mmelala wote kabla ya saa sita kwa saa zako. Akisema yuko bize mwezi huu, muulize mwezi ujao. Na umuulize pia kazi inaendaje, kwa sababu kwenye barua yako yote hukuniambia kwa nini siku hizi haingii.